Namna ya Kuandika Riwaya ya Ndoa Yenye Ufa na Mtu Aliyetoweka: Mwongozo Kamili

Rasimu nyingi za riwaya ya namna hii huanza na asubuhi ile ile. Mume anaamka, upande wa pili wa kitanda umepoa, simu ya mke imebaki mezani, mlango haukufungwa. Ni mwanzo mzuri. Taabu huja sura ya sita au ya saba, kisa kinapoishiwa pumzi, kwa sababu mwandishi alijua kwamba mke ametoweka lakini hakuijua ndoa aliyotoka ndani yake.

Riwaya hizi zimesimama juu ya methali moja: kikulacho ki nguoni mwako. Msomaji anaingiwa na baridi anapohisi kwamba mtu anayelala ubavuni mwa mwenzake kwa miaka kumi huenda hajulikani kabisa. Kwa hiyo swali la "nani kafanya?" liache kwanza. Anza na hili: kila mmoja kati ya hawa wawili aliamini nini juu ya mwenzake, na alikosea wapi? Kosa hilo ndilo riwaya yako. Kutoweka ni siku ambayo kosa linadai malipo yake.

Hatua ya kwanza: Iandike ndoa kabla hujamwondoa mtu

Chagua usiku mmoja wa kawaida, miezi sita kabla ya tukio. Andika kurasa mbili kwa sauti ya mume, kisha mbili kwa sauti ya mke, usiku ule ule. Usiweke ugomvi mkubwa. Wanandoa waliochokana ni nadra kugombania kinachowauma. Hugombania taa iliyoachwa ikiwaka, au nani alisema atampigia mama simu. Kurasa hizi hazitaingia kitabuni, lakini utazirudia mpaka mwisho.

Kisha mpe kila mmoja karatasi yake na uandike mambo matatu: anachokijua, anachokificha, na anachokisoma vibaya. Wengi hujaza vizuri sehemu ya pili, maana siri ni tamu kuzitunga. Hazina iko sehemu ya tatu. Siri inaweza kufichuliwa kwa barua moja iliyookotwa, na ikishafichuliwa imekwisha. Kusoma vibaya kunamfanya mtu mwema atende jambo la kutisha akiwa na hakika kwamba anajiokoa.

Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho, tusije tukaongea hewani. Mke anaona vitu vyake havikai alipoviweka. Funguo alizoacha juu ya kabati anazikuta zimetundikwa ukutani. Miadi aliyoiandika Jumanne sasa inasomeka Jumatano. Akimuuliza mume, mume anamwambia, "Labda umechoka." Mke anajumlisha: huyu ananitia wazimu kwa makusudi. Anatoweka.

Upande wa mume ni mwingine. Mke ameanza kusahau, kweli kabisa, na kwa miezi mingi mume amekuwa akipita nyuma yake kimyakimya, anarudisha funguo mahali pake, anasahihisha tarehe, ili mwenzake asijue kwamba anasahau. Hayo ni mapenzi. Lakini chini yake kuna safu ya tatu. Alipozoea kumsahihishia, aligundua kwamba mke akiletewa karatasi atie saini, kesho yake hakumbuki. Na nyumba ilikuwa kwa jina la mke.

Angalia kilichotokea hapo. Mke alikosea kuhusu funguo, hakukosea kuhusu hatari. Mume alisema kweli kuhusu funguo, akadanganya kuhusu kila kitu kingine. Ukipata fundo la namna hii, ambalo kila upande una haki na kosa ndani yake, unaweza kwenda hatua inayofuata. Ukikosa, kaa hapa hata mwezi mzima.

Hatua ya pili: Jua alipo, saa kwa saa

Mtu hutoweka kwa njia chache tu: ameondoka kwa hiari, ameondolewa, amekufa, au hajui yeye ni nani na yuko wapi. Chagua moja iwe kweli na nyingine iwe inayoaminiwa. Kisha fungua daftari lenye safu tatu: saa, kilichotokea hasa, na nani anajua. Lianze siku tatu kabla ya kutoweka na lifike siku ukweli unapojulikana. Ninasisitiza daftari hili kwa sababu njia ya mwongo ni fupi, na katika riwaya hii karibu kila mtu ni mwongo. Usipoandika nani anajua nini na tangu lini, mhusika atajibu jambo ambalo bado hajaambiwa, na msomaji makini atakukamata.

Visa vya kweli vinafundisha sana hapa. Usiku wa Desemba 3, 1926, Agatha Christie, mwandishi wa riwaya za upelelezi, aliondoka nyumbani kwake Uingereza kwa gari. Mumewe alikuwa amekwisha kumwambia kwamba anampenda mwanamke mwingine na anataka talaka. Gari lilikutwa limetelekezwa Newlands Corner, Surrey, koti lake la manyoya likiwa ndani. Polisi na watu wa kujitolea kwa maelfu walichana misitu, na mume akatazamwa kwa jicho la shaka. Siku kumi na moja baadaye Christie alikutwa hotelini Harrogate, mzima. Jina alilojiandikisha halikuwa lake: alitumia Neele, jina la ukoo la yule mwanamke mwingine.

Koti ndani ya gari linatupeleka kwenye kifo. Jina katika kitabu cha wageni linatupeleka ndani ya ndoa. Tafuta kitu cha namna hiyo kwa ajili ya mtu wako: alama moja ambayo polisi wataiona ni taarifa tu, lakini mwenzake akiisikia atakaa kitini. Katika mfano wetu, mke alipoondoka aliacha fedha na simu, akachukua funguo zote za nyumba, hata za akiba. Mpelelezi anaandika "funguo hazipo" na kuendelea. Mume anaposikia hivyo anajua kwamba ameshtakiwa.

Hatua ya tatu: Mchague msimulizi, kisha mfunge kwa kanuni

Mhakiki wa Marekani Wayne Booth ndiye aliyeleta jina la msimulizi asiyeaminika, mwaka 1961, lakini hila yenyewe ni ya kale. Wapo wa aina tatu: anayedanganya, anayekosea, na anayejidanganya mwenyewe. Wa kwanza huchosha upesi. Akigundulika mara moja, msomaji hana sababu ya kuamini sentensi nyingine. Wa pili anahurumiwa. Wa tatu ndiye ninayempendekeza kwa riwaya ya ndoa, kwa sababu ndivyo watu wanavyoishi ndani ya ndoa iliyooza: wanajieleza kwa maneno yanayowawezesha kulala usiku.

Kanuni yangu ni moja, na siivunji: msimulizi anaruhusiwa kunyamaza, haruhusiwi kusema uongo kwa msomaji. Kila sentensi iwe kweli mara ya pili kitabu kinaposomwa. Tazama hii, mume akisimulia asubuhi ile:

"Nilisimama mlangoni mwa chumba nikamuaga. Hakunijibu. Nikashusha sauti, nikafunga mlango taratibu, nikamsalimia jirani ngazini."

Mara ya kwanza tunaona mke aliyenuna. Mara ya pili tunajua kitanda kilikuwa kitupu, kwamba mume alimsikia akitoka saa tisa usiku na hakuinuka kumzuia, na kwamba aliaga chumba kisicho na mtu kwa sababu jirani alikuwa ngazini anasikia. Hakuna neno moja la uongo pale. Kazi yote imefanywa na "hakunijibu". Andika sentensi kama hizo tano au sita katika kitabu kizima, si zaidi. Zikizidi, msomaji ataanza kuzitafuta.

Kama msimulizi wako ni yule anayekosea, heshimu namna kumbukumbu inavyofanya kazi. Mwaka 1974 wanasaikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu ya magari yakigongana, kisha wakawauliza magari yalikuwa na mwendo gani. Walioulizwa kwa kitenzi kikali, "yalipopondana", walitaja mwendo mkubwa kuliko walioulizwa kwa kitenzi cha kawaida, "yalipogongana". Wiki moja baadaye, wengi zaidi miongoni mwa wale wa kwanza walisema waliona vioo vilivyovunjika, na katika filamu havikuwamo. Hiyo ni zawadi kwa mwandishi. Mpelelezi akimuuliza jirani, "Alikuwa anakimbia kuelekea wapi?" badala ya "Ulimwona akifanya nini?", jirani huyo atakumbuka mbio ambazo hazikuwapo, ataapa kwa dhati, na hutakuwa umemdanganya msomaji hata kidogo.

Kuhusu kusimulia kwa sauti mbili, ya mume na ya mke kwa zamu: fanya hivyo ikiwa tu kila sauti inajua jambo ambalo nyingine hailijui. Vinginevyo unaandika sura moja mara mbili.

Hatua ya nne: Unyanyasaji wa akili uandike kwa uangalifu

Hapa nitasimama kidogo, kwa sababu wasomaji wako wengi watakuwa wameishi jambo hili.

Mwaka 1938, mwandishi Patrick Hamilton alileta jukwaani nchini Uingereza tamthilia kuhusu mume anayemfanya mkewe aamini kwamba anarukwa na akili. Usiku mume huenda kwa siri ghorofa ya juu kutafuta vito, anawasha taa za gesi huko, na taa za chini zinafifia. Mke anaona mwanga ukipungua na kuongezeka. Kwa Kiingereza tendo la kumfanya mtu asiyaamini macho yake limepata jina kutokana na taa hizo: gaslighting. Jambo ambalo waandishi wengi hulipita ni kwamba kufifia kwa taa hakukuwa sehemu ya hila. Kulikuwa athari ya kazi aliyokuwa akiifanya kwingine, na ndiko kulikomfichua. Mtesaji wako naye awe na kazi yake halisi, kama fedha, nyumba au uhusiano mwingine, na dalili zitoke huko zenyewe. Mtu anayehamisha vitu ili tu mwenzake ateseke haaminiki.

Andika mambo madogo yanayorudiwa. Neno "labda umechoka" likisemwa mara moja ni upole. Likisemwa mara ya tisa, kwa sauti ile ile, ni ukuta. Usimfanye anayeteswa kuwa mjinga. Mpe maelezo ya busara kwa kila tukio, maelezo ambayo msomaji naye angeyakubali. Tena usisahau mduara wake: rafiki aliyeacha kupiga simu, dada aliyeambiwa "siku hizi hapendi wageni". Udhibiti wa namna hii si tabia ya ajabu ya vitabuni tu; Uingereza na Wales ziliufanya kosa la jinai kwa sheria ya mwaka 2015.

Na ombi: usiufanye ugonjwa wa akili kuwa jibu la fumbo. Mgeuko unaosema "kumbe alikuwa mgonjwa, hakuna kilichotokea" unamwibia msomaji kurasa mia tatu na unawaumiza watu ambao tayari hawaaminiwi. Ndiyo maana katika mfano wetu kusahau kwa mke si jibu. Ni mlango ambao mume alipitia.

Hatua ya tano: Upelelezi uwe wa kweli kiasi cha kutosha

Huhitaji kuwa polisi. Unahitaji kuepuka makosa yanayomwamsha msomaji kutoka ndotoni. Lililo kubwa ni lile la kusubiri saa 24 kabla ya kutoa taarifa. Kwa mfano, polisi wa Uingereza wenyewe huwaambia watu wasisubiri. Taarifa hutolewa mara tu mtu anapokuwa na wasiwasi. Mume wako akisema, "Nilidhani lazima nisubiri siku nzima", hicho kinaweza kuwa kisingizio kizuri mno, na mpelelezi akimtazama bila kusema kitu utakuwa umepata tukio zima bure.

Maswali ya kwanza huwa ya kawaida: nani alimwona mwisho, alivaa nini, anatumia dawa gani, ana fedha kiasi gani, kilichobadilika karibuni ni kipi. Yatumie kama kipimo cha ndoa. Mume asiyejua mkewe anatumia dawa gani amejibu zaidi ya alivyoulizwa.

Mambo mawili ya kitaalamu yanayokosewa mara nyingi. Mnara wa simu unaonyesha eneo ambalo simu ilikuwamo, hauonyeshi chumba wala kiti. Na luminoli, ile dawa inayong'aa gizani inapokutana na damu, hung'aa pia kwa dawa ya kupaushia nguo. Sakafu inayong'aa inaweza kuwa na damu, au inaweza kuwa ilisafishwa tu, na kati ya hayo mawili pana sura tatu za mashaka.

Kisha kuna kukiri. Mwaka 1660, katika mji wa Chipping Campden, Uingereza, mzee William Harrison alitoka kwenda kukusanya kodi na hakurudi. Mtumishi wake, John Perry, alisema kwamba mama yake na kaka yake walikuwa wamemuua, na kwamba yeye naye alihusika. Mwili haukupatikana. Wote watatu walinyongwa. Mwaka 1662 Harrison alirudi, mzima. Mpaka leo haieleweki Perry aliyasema yale kwa nini. Ukitaka mhusika akiri jambo ambalo hakulifanya, usiogope kwamba msomaji hataamini. Hakikisha tu kwamba wewe unajua sababu yake.

Hatua ya sita: Jenga mgeuko kuanzia nyuma

Mgeuko unaostahili jina hilo haubadilishi tu jina la mkosaji. Unabadilisha maana ya mambo ambayo msomaji aliyaona kwa macho yake. Kwa hiyo andika sentensi mbili: "Msomaji anaamini kwamba..." na "Kweli ni kwamba...". Halafu orodhesha matukio matano yaliyomo kitabuni ambayo yanaungana na sentensi zote mbili. Usipofika matano, mgeuko wako umebandikwa.

Vidokezo viwekwe mara tatu. Cha kwanza kifiche katikati ya orodha: "Mezani palikuwa na kalamu, bili ya umeme, hati za bima, miwani yake na gazeti la juzi." Jicho hukumbuka cha kwanza na cha mwisho, na hati zimelala katikati. Cha pili kiweke katika tukio ambalo moyo wa msomaji uko kwingine. Wakati mke analia, nani anaangalia kwamba mume anakunja karatasi? Cha tatu kiweke wazi kabisa, mtu akiseme kwa mdomo, lakini awe mtu ambaye msomaji amekwisha kumdharau.

Migeuko miwili inatosha, mmoja katikati na mmoja karibu na mwisho. Katika mfano wetu, wa katikati ni kwamba mume alikuwa akirudisha funguo kwa mapenzi. Msomaji aliyemchukia anaona haya, anamwomba radhi moyoni. Wa pili, kuhusu saini, unamkuta msomaji akiwa amelegeza ulinzi. Mpangilio huo ndio unaouma. Ungeanza na saini, ule wa funguo ungekuwa udhuru tu.

Kati ya migeuko hiyo, usitegemee mshtuko pekee. Mwongozaji wa filamu Alfred Hitchcock alipenda kueleza tofauti kwa bomu lililo chini ya meza: likilipuka ghafla, watazamaji wanashtuka kwa sekunde chache, wakilijua mapema huku waliokaa mezani wanaongea mambo ya kawaida, wanateseka kwa dakika nyingi. Ndoa ina meza nyingi za namna hiyo. Mwache msomaji ajue kwamba mke amezigundua hati, kisha uwakalishe wote wawili sebuleni, usiku mzima, mume akimsomea gazeti kwa sauti ya upole. Sura hiyo itakuwa bora kuliko maiti yoyote.

Epuka sadfa inayomwokoa mtu. Sadfa ya kumtia mtu matatani inasameheka. Ya kumtoa haisameheki.

Hatua ya saba: Andika haraka, sahihisha polepole

Riwaya za aina hii aghalabu huwa na maneno kati ya 80,000 na 100,000, zenye sura fupi. Rasimu ya kwanza iandike bila kurudi nyuma. Mimi niliwahi kusahihisha sura tatu za mwanzo kwa mwaka mzima, zikang'aa sana, na nilipofika mwisho wa kisa ikabidi nizitupe zote kwa sababu zilikuwa zinaelekea mwisho mwingine.

Sahihisha kwa kupita mara tatu, kila mara na kazi moja. Kwanza, chukua daftari la saa na uhakikishe kwamba kila mtu anajua tu anachopaswa kujua siku hiyo. Pili, soma sentensi za msimulizi ukiwa umevaa ukweli: kuna yoyote ambayo ni uongo mtupu? Iandike upya. Tatu, soma mazungumzo ya wanandoa kwa sauti. Watu waliooana muda mrefu hawamalizi sentensi, wala hawaelezani mambo ambayo wote wawili wanayajua.

Kisha wape kitabu wasomaji wawili ambao hawajakusikia ukikisimulia. Usiwaulize kama kimewapendeza. Waombe waandike, mwisho wa kila sura, jina la mtu wanayemshuku na jambo moja wanaloliamini juu ya ndoa ile. Jina likiwa lile lile kwa sura nane mfululizo, vidokezo vyako viko upande mmoja. Imani juu ya ndoa isipobadilika hata mara moja, rudi hatua ya kwanza.

Hatua ya mwisho: Ukurasa wa mwisho

Polisi wamepata jibu lao kurasa kumi zilizopita. Ukurasa wa mwisho ni wa wawili hawa. Usimlete mpelelezi kueleza upya, na usimfanye mkosaji atoe hotuba. Rudisha kitu kimoja kidogo cha mwanzo na ukiache kifanye kazi.

Katika mfano wetu, mke amepatikana, kesi imekwisha, na sasa anaishi peke yake. Anaingia ndani, anaweka funguo juu ya kabati, anakwenda kuchemsha maji. Anaporudi anazikuta zimetundikwa ukutani. Anasimama pale na kuzitazama kwa muda mrefu. Hakuna mtu mwingine ndani ya nyumba. Anachukua kalamu na kuandika kwenye kikaratasi, "Nimezitundika mimi", anakibandika chini yake, na anakwenda kuzima jiko.